Kinyama Kisicho na Mwenyewe

Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na makundi yao ya ng'ombe walikuwa wakimtania Masunga Nkuba kwamba hata ukimfunga kitambaa machoni, ukimwekea dume aliyechunwa, atakupangia vipande vyote na kukutajia kila kipande ni cha nani. Kidari kwa wakwe, shingo kwa wajomba, mbavu hizi kwa wazee, zile kwa waliochuna. Usidhani kugawa nyama ni kazi ndogo. Pale kijijini kwao, nje kidogo ya Igawa, kulikuwa na ndugu wawili walioacha kusalimiana kwa sababu ya paja moja la harusini. Ndiyo maana kila penye sherehe Masunga aliitwa na kisu chake, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kumpinga. Hapo ndipo ilipokuwa shida yake. Mtu asiyepingwa kwa muda mrefu huanza kuamini kwamba hapingiki.

Alikuwa ametoka upande wa Maswa mwaka 1968, kwa miguu, akiswaga ng'ombe arobaini na wawili. Mkewe Regina alitembea nyuma yake na binti yao wa kwanza, Kalista, mgongoni. Usangu waliwakuta Wasangu wenyeji, majani tele na maji, wakajenga, wakapata wavulana wawili, wakajifunza kulima mpunga. Masunga alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Alimpenda Kalista waziwazi, jambo ambalo wenzake waliliona la ajabu kidogo kwa baba wa Kisukuma, na hakujali waonavyo.

Mwaka 1976, mpunga ulipokwisha kuvunwa, Kalista akiwa darasa la tano, alianza kula kuliko kawaida. Alimaliza chakula chake, akamalizia cha wadogo zake, na bado akakonda. Sketi ya shule ikawa inashikiliwa na pini. Alikunywa maji kata kwa kata, na usiku aliamka kwenda nje mara nne, mara tano.

"Baba Kalista," Regina alimwambia mumewe, "pale mtoto anapojisaidia haja ndogo sisimizi wanajaa. Kwa wavulana hawaji. Mimi inanitisha."

"Minyoo hiyo," Masunga akajibu. "Anakula, minyoo wanakula. Nitachimba mizizi."

Akachimba mizizi. Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja Kalista alitikiswa asiamke, anahema kama aliyekimbia mbio ndefu, na pumzi yake inanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Masunga alimbeba mpaka barabara kuu, akasimamisha lori, na mchana wakawa wamefika hospitali Mbeya. Njia nzima alikuwa akiilaani mizizi yake.

Kalista aliokolewa. Siku ya tatu alikaa kitandani na kuomba uji. Aliyekuwa akimhudumia ni nesi Severina, Mhehe kutoka Iringa, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini na subira ya mtu aliyelea wadogo zake sita. Alimtoa Masunga nje, wakakaa kwenye benchi, na hakuanza na maneno ya kitabuni.

"Baba Kalista, mwili umejengwa kwa vijumba vidogo sana, macho hayawezi kuviona. Wanaviita seli. Kila kijumba kinakula sukari. Si sukari ya dukani tu. Hata ugali na wali tumboni vinageuka sukari, inaingia kwenye damu, inazungushwa mlango kwa mlango. Sasa tumboni, nyuma ya mfuko wa chakula, kuna kitu kinaitwa kongosho. Ndani yake kuna seli ambazo kazi yake ni kuonja damu. Zikionja sukari imezidi, zinatoa dawa fulani ya mwili, na hiyo dawa ndiyo inayoviambia vijumba vyote: chakula kimefika, fungueni. Sukari ikipungua, zinaipunguza dawa, mwili nao unaanza kutumia akiba. Hivyo mchana na usiku, bila wewe kujua."

"Na za mwanangu?"

"Zimekufa. Hatujui kwa nini. Sukari inafika mlangoni, hakuna anayetoa habari, milango haifunguki. Inajaa kwenye damu mpaka inamwagika kwenye mkojo."

"Ndio maana ya sisimizi."

"Ndiyo maana. Na vijumba vinakaa na njaa."

Masunga aliangalia mikono yake. Halafu akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha bara, "Sista, kiangazi ng'ombe anakula nundu yake. Majani hakuna, basi nundu inapungua, inalala upande, mpaka mvua irudi. Huyu mtoto mwili wake uko kiangazi, na huku nje ni masika. Majani iko tele, yeye anakula nundu."

Severina alimtazama. Miaka kumi na minne alikuwa akieleza ugonjwa huu kwa wagonjwa na hata kwa wanafunzi, na hakuwahi kusikia ukielezwa vizuri hivyo. "Hasa," akasema. "Mwili unadhani kuna njaa, unachoma mafuta yake kwa fujo. Moshi wake ndio ile harufu ya ndizi. Sumu ile, baba. Ndiyo iliyomlaza."

Kisha akamwambia lililo gumu. Kalista angechomwa sindano kila asubuhi maisha yake yote. Na kwa kuwa waonjaji wake wa ndani wamekufa, nyumbani pale mtu ataonja badala yao: watie matone ya mkojo kwenye kichupa chenye dawa ya bluu, wachemshe. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Ikienda njano, chungwa, mpaka rangi ya tofali, hali ni mbaya. Kalista alikuwa anasoma, akafundishwa kazi hiyo mwenyewe.

"Na hii dawa ya sindano," Masunga akauliza, "mnaitoa wapi?"

"Inatengenezwa Ulaya. Wanaikamua kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe."

Akamwomba amweleze hicho kitu kilivyo. Severina akamweleza: kirefu kama kiganja na zaidi, rangi kati ya nyeupe na waridi, kina vinundunundu, kimelala kwenye mkunjo wa utumbo mwembamba. Masunga akapasua kicheko mpaka wagonjwa wakageuza vichwa. Alikijua! Amekishika mara mia mbili. Katika ng'ombe mzima, kwa mgawo wake, kila kitu kilikuwa na mwenyewe, hadi kwato na ngozi ya mkia, isipokuwa kile kinyama. Kile walikuwa wakiwatupia mbwa.

Hakusema lililomjia moyoni. Angelisema, Severina angelimjibu kwa sentensi moja na hadithi hii isingekuwapo. Lakini mgawaji nyama amwulize nesi habari za ng'ombe?

Wakarudi nyumbani. Chupa ya dawa waliitia katika mfuko, wakaining'iniza ndani ya mtungi wa maji kivulini, isipate joto. Bomba la kioo na sindano zake Regina alivichemsha kila asubuhi. Kuchoma alichoma Masunga, maana mikono ya Regina ilitetemeka. Mkono ule uliopasua madume bila kukosea ulikuwa unakamata paja jembamba la mtoto, unachoma, na mtoto anang'ata pindo la khanga ya mama yake. Hakulia. Afadhali angelia, Masunga alijisemea. Kila mwezi alipanda basi kwenda Mbeya kuchukua chupa nyingine. Kalista alinenepa, akarudi shule, akaruka kamba na wenzake. Baba ndiye aliyenyauka. Penye sherehe alionyesha mafungu kwa ncha ya kisu bila neno, na vijana waliozoea vichekesho vyake wakaulizana kama mzee amefiwa. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo akifikiria sindano ya asubuhi, na alimchukia anayeichoma.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, jirani yao Ndalahwa alioza binti, na dume jekundu likachinjwa. Masunga aligawa. Alipofika kwenye utumbo alikata kile kinyama taratibu, akakifunga kwenye jani la mgomba.

"Mzee Masunga leo anawapokonya mbwa!" vijana wakapiga kelele.

"Mbwa wenu wameshiba dawa ya bure miaka mingi," akawajibu. Kilikuwa kichekesho chake cha kwanza baada ya miezi minane.

Nyumbani alikikata sehemu tatu. Moja akaibabua kidogo tu kwenye makaa, dawa isije ikaungua, akamwita Kalista. Mtoto alikula akikunja uso. Alikuwa ameshiba nyama za harusi, jioni ile hakugusa ugali wala wali. Alipopima, maji yakabaki bluu, na ukingoni kijani ya mbali. Kwa kawaida jioni yalikuwa yakienda njano. Masunga alikiinua kichupa kwenye mwanga wa taa, akakigeuza huku na huku.

Akili ni nywele, na zake usiku ule alizichana kuelekea upande mmoja tu. Hakukumbuka kwamba asubuhi alimchoma mtoto kama kawaida. Hakukumbuka kwamba mtu aliyekula nyama tupu hana sukari nyingi ya kumwaga. Alikumbuka kinyama.

"Kesho huchomwi, mayu," akamwambia binti yake, akimwita "mama" kwa Kisukuma.

Kalista alimtazama kama aliyesikia vibaya. "Kweli, baba?"

"Kweli. Kumbe tulikuwa tunafuata Mbeya kitu ambacho kiko zizini kwetu!"

Akacheka, kicheko kile cha zamani, mpaka wavulana wadogo wakaamka na kucheka bila kujua wanachekea nini. Regina hakucheka. "Ungemuuliza yule sista kwanza," akasema.

"Sista anajua sindano. Ng'ombe najua mimi."

Siku ya pili hakumchoma. Asubuhi alimpa sehemu ya pili, jioni ya tatu. Ilipokwisha akafanya jambo ambalo Igawa nzima walilizungumza: akachinja dume lake mwenyewe, bila harusi, bila msiba, bila mgeni, akagawa nyama yote kwa majirani, mwenyewe akabaki na kile kinyama. Watu wakapokea mafungu yao wakitazamana. Masunga aliimba akinoa kisu. Jioni ile ya siku ya pili Kalista alikuwa amepima, akaleta kichupa: bluu. Siku ya tatu asubuhi: bluu, kama siku ile nesi alipowaonyesha dawa tupu. Masunga alipita nyumba hadi nyumba akisimulia, na tayari alikuwa akipanga atakavyokwenda Mbeya na kongosho mbichi kumfundisha Severina.

"Baba Kalista," Regina akamwambia jioni, "mtungi nimeujaza asubuhi, sasa hivi umekauka."

"Nyama ina chumvi. Lazima atasikia kiu."

"Usiku ametoka nje mara ngapi, unajua?"

"Mama Kalista, dawa ya bluu haina mdomo wa kusema uongo."

Siku ya nne Kalista alisema tumbo linamuuma, akatapika, akarudi kulala. Alipoinama kumfuta mdomo, Regina akabaki ameinama vilevile. "Njoo," akamwita mumewe. "Njoo unuse."

Masunga akainama. Ndizi zilizooza. Aligeuka akakitazama kichupa cha asubuhi kilichokuwa dirishani. Bluu. Kichupa kinasema mzima, pua inasema anakufa. Hapo, nampa haki yake, hakusita. Mfugaji huamini pua. Aliswaga ng'ombe wawili, akawafunga kwenye mkokoteni, akampakia mtoto na mama yake, na Igawa wakapata lori la mpunga lililokuwa linakwenda Mbeya. Alikaa juu ya magunia, kichwa cha Kalista mapajani, akihesabu pumzi zake. Alipofika elfu moja akaanza upya.

Severina aliwapokea mwenyewe. Walimchukua mtoto, wakamtundikia maji, wakamchoma sindano, na saa nzima hakuna aliyemwambia Masunga neno. Nesi alipotoka, alimwuliza jambo moja: "Ulimchoma mara ya mwisho lini?"

Masunga angeweza kusema chupa ilivunjika. Njia nzima kwenye lori alikuwa amelifikiria hilo. Lakini alimweleza yote, kuanzia harusi ya Ndalahwa, mbele ya watu waliojaa kwenye korido na wengine wakaziba midomo wasicheke. Severina hakucheka.

"Baba, tumbo halijui dawa. Ukilipa kinyama kile, kwake ni nyama kama maini, linakisaga na dawa iliyomo inakufa humohumo. Kwa nini unadhani tunachoma? Kwa kupenda kuwatesa watoto? Tunachoma ili isipite tumboni. Hilo tu. Ungeniuliza!"

"Ningekuuliza," Masunga akasema. "Lakini ile rangi, sista. Siku zote ilikuwa bluu. Naapa kwa mama yangu."

"Haiwezekani. Siku tatu bila sindano, ilitakiwa iwe tofali."

"Bluu."

Severina akatikisa kichwa. Labda dawa ya kupimia imeharibika, akasema, ingawa alionekana haamini.

Siku mbili Masunga alikaa kwenye lile benchi. Regina alimletea chakula, hakula. Alikuwa akiwaza zile seli zinazoonja damu, zinazofanya kazi mchana na usiku bila kupongezwa, bila kujivuna, na sukari ikibadilika nazo zinabadilika. Yeye alipewa kazi yao, akaonja mara moja, akapata jibu alilolipenda, akaacha kuonja. Alijiona mjinga wa kutupwa. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba mtoto atakufa akiwa bado anamwamini.

Siku ya tatu, kulipokwisha kupambazuka vizuri, Severina alimwita. Kalista alikuwa amefungua macho, midomo imepasuka, amebaki macho na mifupa. Masunga alipiga magoti kando ya kitanda, wagonjwa wote wakiona.

"Nimekukosea, mayu," akasema. "Nilijifanya najua. Kidogo nikuue kwa ujuaji wangu."

Kalista alitikisa kichwa. Machozi yakaanza kumshuka kuelekea masikioni.

"Si wewe, baba. Nilikuwa nachemsha maji ya mtungini."

"Maji?"

"Siku ile ya pili nilipima, ikawa chungwa. Nikamwaga. Nikatia maji matupu, ikabaki bluu. Na kesho yake hivyohivyo."

Severina aliyekuwa anarekebisha mpira wa maji akasimama mkono ukiwa hewani. Regina akafunika uso kwa khanga. Masunga alihisi hasira ikipanda, na ilipofika kooni ikageuka kitu kingine.

"Uliogopa sindano kiasi hicho?"

"Naogopa," Kalista akasema. "Lakini si hiyo. Ulikuwa unacheka, baba. Tangu nilipougua hukucheka hata siku moja. Nikaona nikikuambia chungwa, utaacha tena."

Masunga alilia. Hakugeukia ukutani, hakujifanya anafuta jasho. Alilia kwa sauti pale sakafuni, mwanamume wa Kisukuma mwenye ng'ombe sitini, na mgonjwa wa kitanda cha pili akalia naye bila kuelewa chochote. Alilia kwa sababu alikuwa amemtwisha mtoto wa miaka kumi na miwili mzigo wa furaha yake, na mtoto akaubeba mpaka mlangoni mwa kaburi.

Saa moja Severina alileta trei. Bomba la kioo, sindano, pamba yenye spiriti. Hakumchoma mtoto. Aliiweka trei mbele ya Masunga na kusubiri.

Masunga alivuta dawa kama alivyofundishwa, akatoa mapovu ya hewa, akalishika lile paja ambalo sasa mkono wake ulilizunguka lote. Mkono ukagoma.

"Siwezi kucheka nikikuchoma, mayu," akasema. "Leo siwezi, na kesho sitaweza. Kila asubuhi utaniona hivi."

Kalista alilitafuta pindo la khanga ya mama yake, akalishika bila kulipeleka mdomoni.

"Huzunika tu, baba," akasema. "Lakini nichome."